Usitie Sahihi Barua ya Pugh

Shamba la Pant-glas,
Cwmhelyg, Wales.
9 Machi 2019

Mpendwa mpwa wangu Heledd,

Hujambo huko visiwani Orkney, na mumeo Magnus? Nasikia upepo wa huko huangusha kondoo. Sisi tu wazima. Mama yako anakohoa kidogo ila anakula, na goti langu linauma, lakini roho inauma zaidi.

Mama yako kanieleza kwamba Dakta Pugh anataka utie sahihi barua isemayo kuwa Emrys wa posta alilazwa hospitali kwa kosa lako. Usitie. Ukitia, baraza la madaktari litakunyang'anya leseni, na yeye atabaki pale zahanati anakunywa chai.

Nilikwenda zahanati mwenyewe. Unanijua, mimi ndiye niliyevuka mto Helyg umefurika, dume la kondoo begani, zito kuliko kasisi wetu. Nikamuuliza Bi Beynon wa mapokezi majibu ya damu ya Emrys yalifika lini. Akasema Jumatatu. Wewe ulimaliza kazi yako pale Ijumaa iliyotangulia. Yaliingia kwenye kompyuta kwa jina lako, na kwa kuwa jina ni lako, hakuna aliyeyafungua. Figo za mtu zinaharibika, majibu yamekaa tu.

Ndivyo mnavyofanyiwa madaktari wa muda. Mnaitwa pale wenyewe wanapochoka, mnapewa wagonjwa msiowajua, na mkishatoka mlangoni uchafu wote unakuwa wenu.

Pugh akachomoza. "Mzee Idwal, hapa ni pa wagonjwa."

"Mimi mgonjwa. Nimeugua kwa kukuona."

"Mpwa wako alikuwa kibarua tu. Angepiga simu kuulizia majibu yake."

"Simu ipi? Mimi naishi hapo ng'ambo ya barabara na hamjanipokelea tangu Krismasi."

Watu wote wakacheka, hata yule mama wa nyonga ya chuma. Nikamwambia Pugh kwamba Emrys hajawahi kutupa barua ya mtu aliyehama, humpelekea alikohamia, nao wangekupelekea majibu vivyo hivyo. Pugh akawa mwekundu kama kiwele chenye uvimbe.

Kisha nikaenda hospitali kumwona Emrys. Amekonda, ila mdomo mzima. Akasema, "Pugh miaka yote ananiambia ni uzee. Yule binti ndiye pekee aliyeagiza nipimwe damu. Waniite barazani, nitakwenda hata kwa machela." Basi mpigie mwanasheria wa chama chenu cha madaktari leo, umpe jina la Emrys.

Jana Pugh ameniondoa kwenye orodha ya wagonjwa wake, eti nina lugha chafu. Sina daktari sasa, na vidonge vyangu vya presha vinakaribia kuisha. Kwa hiyo leseni hiyo si yako peke yako. Ishike.

Msalimie Magnus na mama mkwe wako. Mungu akukinge na upepo huo na watu wa aina ya Pugh.

Akupendaye daima, mjomba wako asiyewezwa na mto,
Idwal Prosser