Sala Kabla ya Somo

Jumatatu, 24 Februari 2025

Shule bado zimefungwa. Ofisi yetu pia — wakubwa wamekimbilia Bujumbura. Mume wangu Placide amechoka kuona watoto wakizunguka bure nyumbani. Yeye ni mwalimu, hawezi kukaa hivi hivi. Ameamua: darasa litakuwa kwenye meza yetu ya kulia. Sala kwanza, wimbo, kisha masomo. Na si sala tu! Anataka Mungu aingie katika kila somo. Leo kwenye hesabu Zagabe wetu, miaka yake minane, amegawia watu elfu tano mikate mitano. Akalalamika: "Papa, haitoshi!" Placide amecheka mpaka machozi. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu vita iingie mjini.

Jumatano, 26 Februari

Eulalie amepigwa risasi.

Mtoto wa Maman Martine, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapa mtaani Nguba. Yeye na binti yetu Sagesse wanakaa banc moja, dawati moja, tangu darasa la kwanza. Miaka kumi na mbili! Alikuwa uani, anaanika nguo. Wanasema watu walikuwa wanafyatua risasi hewani. Moja imemshukia tumboni. Wamempasua hospitalini leo mchana.

Sagesse hajala kitu.

Alhamisi, 27 Februari

Placide amewapa rédaction, insha: rafiki yangu mgonjwa. Sagesse akaandika, "Eulalie atapona." Baba yake akachukua kalamu ya bic nyekundu, akakata neno. Andika "amepona", akamwambia. Imani haingojei kesho, imani inasema imekwisha kuwa. Sagesse akaandika upya, mwandiko wa kupendeza, akachora maua pembeni.

Nilimwita Placide jikoni. Nikamwambia asimwahidi mtoto kitu ambacho hakiko mikononi mwake.

"Domitille, weye uko upande gani?"

Nikaendelea kutwanga majani ya sombe.

Jumapili, 2 Machi

Misa, watu wachache. Kisha hospitali. Eulalie amekunywa uji! Vijiko vichache tu, lakini amekunywa, na amemcheka Zagabe kwa viatu vyake. Njiani Sagesse alikuwa anarukaruka. Placide akanitazama — sikupenda vile alinitazama. Lakini nilifurahi. Mungu wangu, nilifurahi.

Jumanne, 4 Machi

Amekufa. Homa ilipanda tangu jana, dawa iliyohitajika haikuwepo, barabara zimefungwa. Kilio cha Maman Martine kimetufikia kabla ya mtu yeyote kuja kutuambia.

Siwezi kuandika.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Tumezika. Padiri alitupaka majivu asubuhi, tukaenda makaburini nayo usoni.

Sagesse hakulia. Tulipofika nyumbani akaleta kaye, daftari lake la rédaction, akaifungua mbele ya baba yake pale palipoandikwa "amepona".

"Papa, unisahihishie. Sasa niandike namna gani?"

Placide alishika bic. Akaiweka chini. Akatoka, akakaa kwenye ngazi za nje akiangalia ziwa mpaka mvua ikamkuta pale pale.

Nikamkumbatia mtoto. Mwili wake mgumu kama ubao. Akaniuliza polepole:

"Maman, amekufa juu ya mimi kuandika "atapona" siku ile, bila imani?"

Ee Mungu! Nilimwambia hapana. Hapana, hapana, hapana. Sijui kama alisikia.

Ijumaa, 7 Machi

Darasa limeendelea. Hesabu tu. Kifaransa tu. Hakuna sala, hakuna wimbo. Zagabe aliuliza kwa nini, Placide akamwambia afungue ukurasa.

Nimemwambia: kaa na binti yako, mwambie haikuwa kosa lake. Wewe ndiye ulikata neno lake, si mimi.

"Nitamwambia nini? Nilikuwa nasadiki, Domitille. Sikuwa namudanganya. Nilikuwa nasadiki kabisa."

Nilikuja na hasira. Iliniisha yote.

Jumatatu, 10 Machi

Maman Martine amekuja asubuhi. Kitambaa cheusi kichwani, mkononi Noëlla, mdogo wa Eulalie. Sisi wote tukasimama. Anasema mtoto anashinda akiangalia kitanda cha dada yake. Anauliza kama Papa Sagesse anaweza kumpokea darasani na wengine.

Placide akavuta kiti.

"Na muanze na sala, Papa Sagesse, kama kawaida yenu. Nasikiaka wimbo wenu kwa ukuta. Tangu tumezika sisikie tena kitu. Musiache."

Noëlla akafumba macho. Zagabe akafumba. Maman Martine pale mlangoni pia, mikono kifuani. Placide amesimama, ameanza ishara ya msalaba, mkono ukaishia kwenye paji.

Sagesse hakufumba. Alikuwa anamwangalia baba yake moja kwa moja.

"Papa," akasema, "utamuombea Noëlla nini?"

Nimekimbilia huku jikoni, naandika nikiwa nimesimama. Mlango uko wazi. Maman Martine hajaondoka. Kiti kimesogea — nadhani Placide amepiga magoti karibu na Sagesse, sauti yake iko chini sana, nasikia tu "kosa langu", na sijui kama anaongea na Mungu au na mtoto.