Alama ya Njeru Kwenye Mizinga Yangu

Jumatano, 5 Machi

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika bibi, ndugu wanne, sajini wangu wa jeshi, na daktari aliyeniambia tumbako itaniua. Shule niliachia darasa la tatu lakini mwandiko wangu unasomeka. Wa daktari haukusomeka.

Leo nimekagua mizinga. Kumi na miwili. Yote ya magogo, nimechonga mwenyewe. Kianjai hii hakuna mtu wa kunishinda kwa nyuki. Wengine kwa kikundi chetu cha nyuki wamenunua mizinga ya mbao kama masanduku ya nguo. Mwalimu Kajuju, katibu wetu, huvaa nguo nyeupe na wavu mpaka chini, unadhani ni siku ya harusi yake. Mimi naingia na shati. Leo nimeumwa mara mbili. Si kitu.

Jumamosi ni zamu yangu kutembelewa. Kila wiki mbili kikundi kinaenda kuona mizinga ya mmoja wetu. Tunakula, halafu sisi tuliokuwa jeshi tunasimulia, kila mtu alitumikia wapi na aliona nini. Tulikuwa wanne. Sasa kuna wa tano, mtu wa upande wa Embu, ameoa huku na kujenga. Huyo hajasikia yangu ya kisima. Nitampa yote.

Jumamosi, 8 Machi

Afadhali ningekuwa mgonjwa leo.

Mgeni anaitwa Nyaga. Sajini mstaafu, mtu wa redio za jeshi. Ananiita afande. Nikafurahi. Nikasimulia ya kisima kule Kaskazini: nilivyokuwa zamu juu ya jiwe, rafiki yangu chini akichota maji, maadui kumi na tano wakatokea, nikapigana nao peke yangu, nikambeba rafiki mgongoni mpaka kambini.

Kajuju akasema, "Mwaka jana maadui walikuwa kumi. Sasa ni kumi na tano. Hawa watu wanazaana, mzee?"

Wakacheka. Nikamwambia hesabu yake ni ya chaki, yangu ni ya bunduki. M'Mbijiwe peke yake hakucheka. Alikuwa dereva wa lori kambini kwetu. Nikisimulia hiyo, yeye huangalia sahani yake.

Halafu tukaenda kwa mizinga. Huku kila mtu huchoma alama yake kwa mzinga na chuma cha moto, ndiyo asali isilete vita. Yangu ni duara na mistari miwili chini yake. Wakiniuliza nasema ilikuwa alama ya kikosi changu. Nyaga akasimama chini ya mzinga wa kwanza. Akavua kofia.

"Afande, hii ni alama ya babu yangu. Kwetu Mbeere, kule Embu, ni nyumba yetu tu inaichoma. Uliitoa wapi?"

Nikamuuliza baba yake ni nani.

"Njeru. Alifia jeshini. Mimi nilikuwa bado tumboni."

Nikasema Njeru alikuwa rafiki yangu, niliichoma nimkumbuke. Hiyo ni kweli.

"Kumbe ndiye ulimbeba?"

Nikasema ndiyo. Hiyo pia ni kweli. Akanishika mikono yote miwili mbele ya watu, machozi yanamtoka. Mwanamume mzima wa jeshi. Mikono yangu ile ile ya siku ile.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sijaenda.

Daftari hili hakuna mtu hulisoma. Basi.

Maadui kumi na tano hawakuwepo. Sikuona hata mmoja. Nilikuwa zamu juu ya jiwe, hiyo ni sawa. Mchana, jua kali. Nyuki walikuwa wanakuja kunywa maji pale kisimani. Njeru alikuwa amenifundisha kuangalia nyuki akishakunywa anaruka kuelekea wapi, umfuate mpaka kwa mti wake. Kabla hapo sikujua kitu kuhusu nyuki. Nikamfuata mmoja. Nikaacha jiwe. Nusu saa, labda zaidi. Mgunga ulikuwa na shimo, nikaingiza mkono, nikala. Nikaweka sega moja kwa kofia, la Njeru.

Nikasikia risasi. Moja tu.

Alishuka kuchota maji akijua niko juu. Hakuangalia nyuma. Kwa nini aangalie?

Nikapiga risasi kwa vichaka, vichaka tupu. Nikambeba. Sajini akauliza, nikasema walikuwa wengi. Wakanipa ukoplo.

Alama niliitoa kwa mkebe wake wa chakula. Alikuwa ameikwaruza na msumari. Nilijiambia mizinga nikiichoma alama yake itakuwa yake. Lakini asali nimekula mimi. Zaidi ya miaka hamsini.

Jumanne, 11 Machi

Nyaga amekuja na ndizi na sukari. Anasema mama yake bado yuko hai, upande wa Siakago, macho hayaoni vizuri. Alimpigia simu Jumamosi ile ile. Mama anauliza kitu kimoja: mume wake alikufa peke yake?

Nikasema, "Hapana. Nilikuwa hapo."

Nimeshindwa kula ndizi zake. Ng'ombe amekula.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeenda kwa M'Mbijiwe. Nilitaka kuongea habari ya mvua. Akanikata maneno.

"Siku ile ulikuwa na asali mpaka kwa kiwiko. Asali na damu. Nyuki walifuata lori langu."

"Ulijua?"

"Mimi ni dereva. Si mjinga."

Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema alikuwa anangoja niseme mwenyewe. "Umechelewa sana, M'Ikiara. Na mimi nina presha."

Nikamkasirikia. Nikatoka bila kuaga. Njiani hasira ikaisha, ikabaki aibu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia Nyaga. Yote. Jiwe, mgunga, risasi moja. Nilikuwa nimesimama, hakuniambia kaa.

Akasikiza mpaka mwisho. Akavaa kofia.

"Sawa, mzee."

Si afande tena.

Jumatano, 19 Machi

Hakuna kitu.

Jumamosi, 22 Machi

Kikundi kilikuwa kwa Kajuju. Nyaga hakuja. Kulikuwa na wageni kutoka Meru mjini. Kajuju akasema, mzee, wape ile ya kisima. Nikasimama nikawapa. Ile ya ukweli. Nilitaka kusema nusu, lakini M'Mbijiwe alikuwa ananiangalia, hakuangalia sahani.

Hakuna mtu alicheka. Mmoja wa wale wa jeshi akahamisha kiti chake. Chai yangu ikapoa.

Najiuliza kama nimesema kwa sababu ya Njeru ama nionekane shujaa wa kusema ukweli. Sijui. Kichwa changu nakijua.

Jumapili, 30 Machi

Nyaga alikuja. Hakukaa. Alikuwa ametoka kwa mama yake. Amemwambia kila kitu. Mama akamtuma kwangu na swali: Njeru aliionja hiyo asali?

Nikasema hapana. Ilibaki kwa kofia. Sikujua iende wapi, nikaimwaga mchangani.

Akakubali kwa kichwa. Akasema mama anasema mizinga yenye alama ya mume wake irudi nyumbani.

Magogo ni yangu. Miti niliangusha mimi, nikachonga mimi, mgongo huu ulivunjikia hapo. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo. Nikaufunga. Kwa maisha yangu yote sikumbuki siku nyingine nimeufunga.

Nikasema, "Njoo jioni, nyuki wakishaingia ndani. Kuja na gari ya polepole."

Alhamisi, 3 Aprili

Nyaga alichukua mizinga jana jioni. Kumi na miwili. Niliziba midomo ya mizinga na nyasi mwenyewe, nikamwonyesha Nyaga kufunga kamba bila kutikisa. Alifunga vizuri. Tulishikilia ule wa mwisho pamoja, yeye huku, mimi huku. Alipoingia kwa gari alisema, "Nitakwambia ikifika."

Asubuhi alituma neno. Imefika. Mama alishikashika alama na vidole, mzinga mmoja baada ya mwingine.

Hapa kwangu kuna nyuki waliolala nje wakabaki. Wanazunguka lile tawi, mahali mzinga ulikuwa. Wanaenda, wanarudi. Nimewawekea maji kwa sahani, na vijiti wasizame. Mvua imeanza kidogo.

Nina gogo moja kavu nyuma ya nyumba. Nitalichonga. Alama sitachoma.

Mtu akitaka kujua kama haya ni kweli, aende kwa M'Mbijiwe, dereva. Yeye aliona mikono yangu. Akimkosa, amtafute Nyaga wa Njeru. Mimi asiniulize. Nimezoea kuongeza.