Kidonda cha Silwal

Baba,

Nakuandikia nikiwa machimboni, mbele ya Suna, bega likiniwaka kwa kubeba magunia ya mawe ya dhahabu. Juzi nilikuja nyumbani Kosele. Nimerudi na kichefuchefu ambacho hakijaniisha.

Tangu tukuzike, Odhiambo mwanao anamkodisha Silwal, ng'ombe wako mwekundu wa kulimia, shamba hadi shamba bila kumpumzisha. Nira imemla shingo. Nilikuta kidonda kipana kama kiganja, usaha, funza, nzi wamejaa. Harufu ilinipokea langoni. Nikakumbuka ulivyotukataza kugusa ugali baada ya kulima: "Kwanza shingo yake, halafu tumbo lako."

Sasa sikia aibu. Siku hiyohiyo alikuja msichana wa chuo kikuu. Anasomea mambo ya jamii, sijui vizuri, shule yangu iliishia darasa la sita. Alisema anachunguza watu wanavyoishi na wanyama wao. Alikuwa amesikia habari za mzee aliyemwita ng'ombe kwa jina, na ng'ombe akaitika kutoka mtoni. Yaani wewe. Odhiambo alikuwa amemficha Silwal nyuma ya jiko, akaazima ng'ombe mnono wa jirani, mwekundu vilevile, akamsimamisha kando ya kaburi lako. Kaburi lako, Baba!

"Mnamwona kama mtu wa familia?" msichana akauliza.

"Huyu? Huyu ni ndugu yangu wa damu," akasema, akimpapasa. "Siku ya mazishi alitoa machozi."

Mwongo. Siku ya mazishi Silwal alikuwa akilima kwa watu.

Msichana akaandika, macho yamemlowa. Kisha akaomba ng'ombe aitwe kama ulivyokuwa ukimwita. Odhiambo akaiga sauti yako, na ule mvuto wa mwisho: "Silwaaal!"

Yule wa jirani aliendelea kutafuna nyasi. Nyuma ya jiko, Silwal akaitika.

"Huyo ni wa jirani," Odhiambo akadakia. "Mgonjwa tu. Mchinjaji anamfuata jioni."

Mchinjaji! Ndipo nami nilipojua. Nikaenda nyuma, nikafungua kamba, nikampitisha mbele ya mgeni na kidonda chake. Akaziba pua. Simlaumu.

"Silwal ni huyu," nikamwambia.

Odhiambo alinikimbilia hadi langoni. "Omera, ndugu yangu, unaniaibisha kwa sababu ya nyama ya supu?"

Nilivuta kamba, tukatoka.

Tulitembea polepole, Silwal na mimi, hadi Asumbi kwa shangazi, dada yako. Alipomwona alitema mate chini. "Aliyemfanyia hivi anakula kwa mkono gani?" Tulimtoa funza, tukamwosha kwa maji ya chumvi. Alitetemeka, lakini hakutupiga teke.

Njiani nililifikiria sana lile jibu la Odhiambo, kwamba ng'ombe ni ndugu yake wa damu. Labda pale hakudanganya. Mimi pia ni ndugu yake wa damu, na tangu nije huku kubeba mawe hajawahi kuniuliza habari za bega langu.

Pumzika, Baba. Silwal hatavaa nira tena, shangazi ameapa nami nimeapa. Kila nikipata ruhusa nitaanzia Asumbi, na hata kama nina njaa namna gani, sitanawa mikono kabla sijaitazama shingo yake.

Mwanao,
Ouma