Gauni Linalobana

Kwako Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako, ambaye mama anasema huandika barua akiwa na shida tu. Natumai itakukuta umekaa mwenyewe kitandani bila kuegemezwa mto, na mama hajambo na kelele zake. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa kuinamia cherehani.

Mwisho wa mwaka umetukimbiza. Kila mtu alikumbuka dakika za mwisho kwamba hana nguo ya kuanzia mwaka mpya. Unatujua mafundi, "njoo kesho" ndiyo salamu yetu. Safari hii kesho zilituishia, maana mwaka wenyewe uliisha.

Ujumbe wako niliupata wiki mbili zilizopita, kwamba lile gauni la kijani nililokupunguzia mwezi wa saba sasa linakubana na unaomba niliachie kidogo. Nimechelewa kujibu, najua. Ngoja kwanza nikupe habari za mwalimu.

Mwalimu ni mteja wetu wa siku nyingi, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Mwezi wa tano alikuja ametoka hospitali, amebaki mifupa, akaomba nguo zake zipunguzwe. Fundi mkuu, yule bibi mkali niliyekusimulia, alinikabidhi kazi na kuniagiza nikikunje kitambaa kinachozidi, nikishone ndani, nisikitie mkasi kamwe. Nikabisha kwamba kitavimba ubavuni. Akasema kwake nguo ya mgonjwa haikatwi, hata ikae vibaya namna gani, kwa sababu sisi si madaktari, na hata madaktari hukosea.

Basi juzi, siku ya mwisho ya mwaka, mwalimu akaingia akihema, akitulaumu kwamba tumemshonea nguo za mtoto, zipu haipandi! Nilifumua mishono mwenyewe. Kitambaa kilikuwepo ndani, rangi yake mpya kuliko ya nje kwa kuwa hakikuona jua. Alivaa, akajigeuza mbele ya kioo, kisha akamshika fundi mkono na kumwambia kumbe kuna mtu alikuwa akimngojea apone. Bibi mkali akajifanya anatafuta pini sakafuni.

Mimi nilitoka nje nikalia.

Dada, gauni lako halina cha kuachia. Nililikata. Ulipolituma, zilikuwa zimepita siku tatu tu tangu nitoke kukuona. Nilikuwa nimekubeba kukupeleka msalani, nikashtuka jinsi ulivyokuwa mwepesi. Agizo la fundi nilikuwa nalijua vizuri. Nilisubiri aende kula, nikakata upana wa vidole vinne kila upande. Nilijiambia nataka likukae vizuri. Uongo mtupu. Moyoni nilikuwa nimeshakuzika, na wewe ungali hai, unagombana na mama kuhusu chumvi. Nisamehe, dada yangu.

Fundi nimemweleza yote. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Aliuliza tu linabana wapi. Nilipomwambia kifuani na kwenye mikono, alisema hajasikia habari nzuri kama hiyo mwaka mzima, akanituma nikatafute kitambaa saa ile ile.

Nimezunguka maduka matatu na kijani kile hakipo. Nimepata cha kukaribiana nacho, kwa hiyo utaonekana mstari kila ubavu, na atakayekuuliza mwambie ni aibu ya mdogo wako. Nitumie gauni pamoja na vipimo. Mama akupime, ila asivute futi kama anafunga mzigo. Nimenunua kitambaa kingi kuliko unachohitaji sasa. Kitakachozidi nitakikunja ndani.

Mwaka mpya uwe mwema kwenu nyote. Msalimie mama, na jirani anayekuletea maziwa. Nawe kula, dada. Siku nitakapotaka kukubeba tena, nishindwe kukunyanyua.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa Njoo Kesho