Kamba kwenye Ukuta wa Wamoche

Baba Neema, mume wangu,

Sisi ni wazima, ila nyumba haijatulia. Theluji imeanza hapa Toronto, mtaani kwetu Flemingdon Park, na koti lako zito bado linaning'inia mlangoni. Jumapili mchungaji aliniuliza unarudi lini. Nikasema karibuni. Sijui kama nilimdanganya.

Nairudia sana siku ile ya Peru, maana naona ndipo ulipoanza kuondoka. Tulikuwa tumekwenda kumwoza Neema kwa watu wa mume wake, mjini Trujillo. Baada ya harusi mkwe wetu akatupeleka kuona hekalu la Wamoche, watu wa kale walioishi kwenye jangwa lile kabla Wazungu hawajafika. Ulikuwa na furaha. Ulipoona jengo zima ni matofali ya udongo ulicheka, wewe uliyefyatua matofali kule nyumbani kabla ya vita: "Mama Neema, si kama yetu ya Uvira haya? Hapa ningepata kazi."

Kisha tukafika kwenye ukuta mrefu wenye picha zilizofinyangwa na kupakwa rangi. Wanaume uchi, kamba shingoni, wanafuatana, na askari anawaongoza. Mwenye kutembeza wageni akaeleza kwamba walikuwa mateka. Neema akatutafsiria kwa kile Kiswahili chake cha kuchechemea: "Papa, hawa watu wanaenda kuuawa. Ni zawadi kwa mungu wao."

Ukakaa chini, pale pale vumbini. Nikadhani ni jua. Nikakupa maji, hukuyapokea. Ukasema, "Hivi ndivyo tulivyofungwa, mimi na Safari."

Miaka yote ya ndoa yetu, nikikuuliza habari za mdogo wako, ulinijibu neno moja tu: "Alibaki." Mimi nilielewa kwamba alibaki nyumbani wakati wewe unakimbia vita. Siku ile ndipo uliposema. Askari waliwakamata njiani wakawafunga kamba moja, yeye nyuma yako. Mvua ikanyesha, fundo likalegea upande wako, naye akakusukuma mgongoni: "Kaka, kimbia." Ukakimbia. Nyuma yako ukasikia risasi.

Neema alikaa chini kando yako akakushika mkono. Mkwe wetu hakuelewa hata neno, lakini alisogea akasimama mahali ambapo kivuli chake kilikufunika, akabaki hivyo mpaka uliponyanyuka.

Tuliporudi Toronto hukuwa tena wa hapa. Ulienda kiwandani siku chache, ukaacha. Nikipika unaonja tu, unatoka kwenye balkoni, unatazama bonde la mto Don kama mtu aliyeitwa. Mimi ndiye niliyekuambia: "Nenda Uvira. Ukimkosa, hata kaburi lake ulione." Ukaniangalia kwa mara ya kwanza tangu Peru.

Sasa Neema ananipa habari ulizompa kwa simu kutoka huko. Kwamba Safari hakufa siku ile. Alipigwa risasi ya mguu, akaachwa akidhaniwa maiti, akajikokota hadi kwa watu. Akaoa, akajenga, akapata watoto, kisha ugonjwa ukamchukua, na mama wa watoto akamfuata. Kwamba kila aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi, Safari alimuuliza kama amemwona kaka yake. Kwamba kifungua mimba wake alimwita Elia, jina lako wewe.

Nililia jikoni mpaka jirani akagonga mlango. Niliwalilia nyote wawili, watu mliokuwa hai, mmoja akimtafuta mwenzake huku mwingine akimlilia kama maiti.

Elia, usijiulize tena kama ungegeuka ingekuwaje. Yeye alitaka ukimbie, ukakimbia. Na watoto wake ni wako. Wasomeshe, walee, sitasema neno. Kama kuna njia ya kuwaleta huku, nitatandika magodoro sebuleni.

Lakini kwa nini habari hizi zote nazipata kwa Neema? Nakupigia, simu inaita mpaka inakata. Neema anasema unaona haya kuongea na mimi kwa sababu hujui utaniambia nini kuhusu kurudi. Basi mimi nakurahisishia. Unipigie. Ukisema unarudi, nitakuja kukupokea. Ukisema huwezi tena kutoka hapo, nitakata tiketi nije nikuone, tukae na hao watoto, tuamue tukiwa tumeangaliana usoni. Ninachoshindwa kukibeba ni huu ukimya wako. Nimeishi nao tangu tuoane nikidhani ni tabia yako.

Simu yangu iko wazi, hata nikiwa kazini.

Mkeo,
Mama Neema