Shimo la Sita

4 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na mkono wa kulia umepunguza kutetemeka. Sisi hatujambo, ila mimi kiuno kinaniuma, na sababu nakueleza sasa hivi.

Nimeanza kujenga banda la kushonea nyuma ya nyumba. Vyerehani vitatu vimejaa sebuleni, wajukuu zako wanalala na vitambaa, na juzi mteja kakalia pini. Kaka aliahidi kuja kunimwagia zege tangu mwaka juzi. Nimechoka na "wiki ijayo" zake. Saruji nimenunua na kuibeba mwenyewe, na mashimo sita ya nguzo nitayachimba na kuyamwagia zege kwa mikono yangu. Nipe mbinu, Baba. Miaka yote ile ulikwenda kazini na kaka. Mimi nilileta chakula tu, nikarudishwa nyumbani.

Binti yako

12 Juni

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Mwandiko usikutishe, mkono ni uleule. Nashukuru mko wazima, kasoro hicho kiuno.

Acha hiyo kazi. Zege si kitambaa, ukikosea huwezi kulikunja ukalificha kabatini. Nilikurudisha nyumbani kwa sababu kazi hiyo ilinivunja mgongo hata mimi. Msubiri kaka yako.

Baba yako

3 Julai

Baba,

Shikamoo. U mzima? Najua umenuna. Na mimi nilinuna wiki tatu, lakini sikukaa bure.

Mashimo nimechimba yote sita, kila asubuhi kabla wateja hawajafika. Halafu nikamwaga moja la kujaribia. Koleo lilikuwa zito, nikaongeza maji. Likawa jepesi, nikaongeza tena. Zege likashuka shimoni lenyewe, laini, nikajiona fundi. Baada ya siku saba nikalikwaruza kwa msumari, kama nilivyokuona ukifanya. Unga mtupu! Nililia, Baba, sikufichi. Kisha nikaazima nyundo kubwa. Mshono mbovu mimi huufumua, hata bi harusi akiwa amesimama mlangoni ananisubiri. Kutwa nzima nimelifumua lile zege, makarai kumi na moja ya vipande.

Pembe tu ndizo sina wasiwasi nazo. Kabla ya kuchimba nilivuta kamba kutoka kona hadi kona, kisha kona zile nyingine, kama ninavyohakiki kitambaa cha meza. Urefu wake ulipishana vidole vitatu. Nikahamisha vigingi mpaka zikalingana. Nimekosea?

Binti yako

9 Julai

Fundi,

Marahaba. Kiuno kinaendeleaje? Barua yako nimeisoma mara tatu.

Hujakosea. Kaka yako nilimfundisha habari ya kona kwa kona miaka miwili, na mpaka leo anakadiria kwa jicho. Tena katika maisha yangu ya kazi sijaona mtu akivunja msingi wake mwenyewe bila kulazimishwa. Mimi niliwahi kufukia mmoja mbovu, nikaondoka kimya. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Sasa sikiliza. Changanya kwanza vikiwa vikavu, saruji, mchanga na kokoto, mpaka rangi iwe moja. Maji kidogo kidogo. Vaa glavu, ubane konzi moja ya zege: lishikane, lisitiririke. Koleo likikuelemea, ujue uko sawa. Shindilia kwa nondo hewa itoke, funika kwa magunia, na umwagilie maji siku saba bila kuruka hata moja.

Baba yako

2 Agosti

Baba,

Shikamoo sana! Habari za afya tutazungumza baadaye, maana siwezi kusubiri. Matano tayari, na msumari umepinda! Umepinda, Baba! Nimeutia kwenye bahasha uuone kwa macho yako.

Kaka alipita jana. Kazunguka, kakuna kidevu, kapiga msingi teke, kaumia kidole. Nilimpa kiti.

Shimo la sita sijalimwaga. Nakumbuka kila msingi ulioumaliza uliubonyeza dole gumba pembeni kabla haujakauka. Nakusubiri uje ubonyeze na huu.

Binti yako

8 Agosti

Fundi wangu,

Marahaba, marahaba. Nina nguvu mpya. Ule msumari nimewaonyesha majirani wote, sasa wakiniona wanabadilisha njia.

Usinisubiri. Limwage asubuhi ya kwanza baada ya kuipata barua hii. Dole gumba huweka aliyejenga, na hapo sikujenga mimi. Weka lako, libonyeze kwa nguvu. Nilikosea kukurudisha nyumbani, mwanangu. Naliandika hili kwa mkono wangu ili usije ukasema hujawahi kulisikia.

Nafika Jumamosi. Mkono huu hauwezi tena kushika mwiko, lakini kumwagilia maji hakuhitaji mkono uliotulia. Niwekee ndoo na kopo, na uniambie saa ya kuripoti kazini.

Kibarua wako,
Baba