Ndizi za Shangazi na Mashine Yangu

Jumapili, 10 Novemba 2024

Nimeamua. Silii tena kwa ajili ya ndizi, nazipima! Miezi mitatu tangu niambiwe nina sukari nimeishi kwa tango na yai la kuchemsha. Kila sufuria ya jirani ikifunuliwa hapa Kibeta, mate yananijaa. Mtaalamu wa lishe alisema nipunguze ndizi. Mimi nikasikia niache. Mwalimu wa sayansi miaka kumi na tisa, na sikumuuliza hata swali moja: nipunguze kutoka ngapi hadi ngapi?

Mume wangu, Rwekaza, anasema siku hizi nauangalia mgomba kama mchumba niliyeachana naye. Mjinga. Lakini kweli.

Jumatatu, 11 Novemba

Jaribio la kwanza. Ndizi sita, chumvi, supu kidogo. Basi. Baada ya saa mbili, mashine ya kupimia sukari: 13.2, na mwisho niliopewa ni 10. Lo! Nimeizunguka nyumba mara nane.

Jumatano, 13 Novemba

Jaribio la pili. Nimeanza na mchicha, rundo zima. Kisha maharage na kipande cha sangara. Ndizi mwisho — tatu tu, lakini zimeungwa kwa samli, kijiko kidogo. Halafu nusu saa kwa miguu kuelekea Nyanga na kurudi. Nimepima: 8.4.

Nikadhani mashine imeharibika. Nikapima tena. 8.3!

Kumbe. Ndizi ni zilezile, nimebadilisha mpangilio, kiasi na vya kusindikizia. Nimekula ndizi, nimefurahi, na sina cha kutubu. Nimeimba nikiosha vyombo hadi Rwekaza akaja kuuliza kuna nini. Kesho nataka kujua habari za senene, panzi wetu wa kukaanga. Wana mafuta, sawa, ila wanapandisha sukari au hawapandishi?

Alhamisi, 14 Novemba

Sikupima senene. Projestus amepiga simu kutoka Muleba.

Projestus ni binamu yangu, mtoto wa Shangazi Bernadina. Alianza kwa kuzunguka — mvua, kahawa, bei ya buni. Nikamwambia sema. Akasema mama hana raha. Amekonda, usiku halali, anaamka kunywa maji na kutoka nje, kunywa na kutoka. Ni mawazo, anasema Projestus. Mawazo gani? Akarudi kwenye mvua. Kisha: mama anasema unamwogopa.

Namwogopa!

Akanikumbusha. Nimekwenda mara mbili tangu Agosti. Mara ya kwanza nilisema nimeshiba. Mara ya pili nilitoa kontena langu la tango na mayai, nikala palepale uani, majirani wakinitazama. Sasa wanamuuliza: umemfanyia nini mtoto wa kaka yako hata hali chakula chako?

Mungu wangu. Mimi nilijiona mgonjwa mwenye nidhamu! Wakati kila mtu kwetu anajua asiyekula kwako anasema nini: kwamba unaweza kumtilia sumu. Kwa kontena langu nimemwambia hivyo Shangazi. Alinilea tangu nina miaka minne, alinitafunia nyama nilipong'oka meno. Na yote kwa sababu niliona aibu kutamka neno sukari. Aibu ya nini hasa?

Ijumaa, 15 Novemba

Sina hamu ya kupima chochote.

Jumamosi, 16 Novemba. Muleba

Nimefika saa saba. Shangazi amenipokea vizuri mno, kama mgeni wa kanisani. Akaleta kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo. Kabla ya kunipa, akachukua punje moja, akaitafuna akinitazama. Mgeni ndiye anayefanyiwa hivyo, ajue haina sumu. Mimi huwa ananirushia tu mkononi.

Kikaja chakula, Projestus naye akakaa. Akafunua majani ya mgomba juu ya sufuria: ndizi na maharage, mvuke mtupu, na mchicha na senene pembeni. Akanipakulia. Akachota kwenye sahani yangu, akala kwanza.

"Haya, mwanangu. Umeona, sijafa."

Nikalia! Nikasema yote: sukari, tango, mashine, ndizi sita na ndizi tatu. Akanipiga kofi mkononi.

"Yaani ni tango tu, mwanangu waitu? Miezi mitatu nakesha kwa ajili ya tango?"

Kisha akaenda kwenye ua wa kibanja chake cha migomba, akamwita jirani kwa sauti. Ni sukari! Mwanangu anaumwa sukari, hakuniogopa! Basi, siri yangu Muleba nzima wanayo. Sikujali hata kidogo.

Nikala. Mboga kwanza, maharage, ndizi nne, senene kiganja kimoja. Tamu! Shangazi naye akala, akacheka, akamaliza jagi la maji peke yake. Akataka kuijua mashine. Inaonja damu? Inajuaje? Nikamweleza, akanyoosha kidole.

"Nipime na mimi, tuone nani kashinda."

Sindano. Tone. Mashine ikahesabu tano, nne, tatu.

21.6.

Nimesema nakwenda chooni. Naandika nimesimama nyuma ya jiko. Ndiyo, ametoka kula — lakini namba hii hailetwi na sahani moja. Maji yale ya usiku! Kukonda kule! Na sisi sote tukasema mawazo. Nimsindikize hospitali Jumatatu, hilo najua. Ila leo nimwambieje? Nikisema apunguze, atasikia aache, kama mimi. Na nikiigusa sahani yake leo, leo hii aliyorudi kula kwa raha —

Shangazi anaita jina langu. Alistidia! Nani kashinda? Nasikia upawa ndani ya sufuria. Projestus anamwambia ni muda hajamwona akila hivi. Anajibu kwamba leo ana raha, amwongezee yeye na mimi mwanawe pia, na nirudi mezani kabla ndizi hazijapoa.